Bunduki ya Marisau na Njiwa wa Sigowet



Katika barua zilizoifikia darsa yetu iko moja iliyotoka mbali na bahari, Sigowet, katika kaunti ya Kericho. Mwandishi wake ni mtu wa huku kwetu aliyehamia bara kwa biashara, akaoa, akalima, akatulia. Aeleza kwamba mahindi na wimbi lake hushukiwa na njiwa wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Kwamba jirani yake anayo bunduki ya marisau yenye cheti. Na kwamba jamaa yake aliyeko upande wa Tanga yumo katika kutafuta leseni ya kuwinda ndege. Kisha atuuliza mambo matatu. Bunduki ya namba gani ndiyo ifaayo kwa njiwa: 12, au 20, au ile ndogo iitwayo 410? Marisau yawe ya ukubwa gani? Na njiwa aliyepigwa kwa marisau, akaokotwa amekwisha kufa, huliwa au hutupwa?

Huenda wakatokea watu wakasema: shekhe na marisau, wapi na wapi? Hao twawajibu kwamba wanavyuoni wetu wa zamani waliandika milango mizima juu ya mshale na mkuki na mbwa na kipanga, wala hawakuona haya kuulizana ikiwa mshale umempata mnyama kwa ncha au kwa ubavu, kwa kuwa hukumu ya nyama ilikuwa juu ya jambo hilo. Leo badala ya ncha ya mshale tunalo risau. Asiyejua risau lafanya kazi gani katika mwili wa ndege, atatoaje hukumu ya ndege huyo? Masuala matatu ya ndugu yetu kwa hakika ni suala moja, na mtu huanza kulijibu siku anaponunua viasi dukani, si siku anaposhika kisu. (Kiasi, kwa asiyejua lugha ya wawindaji, ni kile kidude kizima kitiwacho katika bunduki, chenye fataki, baruti na marisau ndani yake.)

Lakini kabla ya yote liko la sheria, wala hatupendi ndugu yetu aingie taabuni kwa sababu ya jarida letu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977. Ndege wa kuwindwa waliachwa nje ya marufuku ile, mtu akiweza kuwapiga kwa leseni. Zama hizo zimepita. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeyafanya mawindo ya mchezo kuwa kosa, na kuwinda kwa ajili ya kitoweo nako imekufanya kosa, na malipo yake ni faini au kifungo. Cheti cha bunduki ni ruhusa ya kuwa na bunduki. Si ruhusa ya kumwelekezea njiwa. Basi jirani wa Sigowet, hata cheti chake kikiwa safi, asiwapige njiwa wale, wala ndugu yetu asimwombe. Njiwa wa shamba waamiwe kama walivyoamiwa tangu zamani, kwa watoto, kwa makopo na kwa kelele, na mbegu zifukiwe vizuri. Na khasara ikizidi aende kwa Shirika la Wanyamapori awaeleze, wao ndio wenye kauli.

Tanzania ni mlango mwingine. Huko uwindaji wa leseni upo, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, katika maeneo na majira yaliyowekwa. Jamaa wa Tanga akipata leseni yake na kibali cha bunduki yake, haya tutakayoyasema yatamfaa kwa vitendo. Wa Sigowet na ayasome kama elimu.

Sigowet yenyewe twaijua. Mwaka 1998, tungali wanafunzi, tulikwenda kumzuru mjomba wetu aliyekuwa akifanya kazi huko. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho hupungua uendapo upande wa magharibi. Sigowet ni mahali pa mchanganyiko, vishamba vya chai vya wenyeji, mahindi, wimbi na malisho ya ng'ombe, na ukiteremka zaidi wafika Soin penye joto na miwa. Ilikuwa wakati wa mavuno. Njiwa walikuwa wakishuka katika mabua asubuhi na alasiri, na rafiki wa mjomba, mwenye cheti na leseni ya ndege ya wakati ule, akatuchukua tumwone akiwinda.

Bunduki yake ilikuwa ya 12, na mitutu yote miwili imebanwa sana mdomoni. Viasi vyake vilikuwa vimebaki katika mawindo ya kanga, marisau makubwa ya namba 4. Alipiga viasi 12. Njiwa wanne walianguka mbele yetu. Mmoja alipigwa karibu mno, akawa ni manyoya na nyama iliyosagika. Wawili walikuwa wamekwisha kufa tulipowafikia. Wa nne tulimchinja. Lakini wako wengine wawili ambao tuliwaona kwa macho yetu wakitikisika angani, manyoya yakapeperuka, nao wakaendelea kuruka mpaka wakatumbukia katika chai ng'ambo ya kijibonde. Chai iliyokatwa vizuri ni kama jamvi lililotandikwa: juu pamekazana, chini ni kiza na vijiti. Tuliwatafuta mpaka mvua ya alasiri ikatufukuza. Mmoja tulimwona asubuhi yake, sisimizi wamemzunguka. Mwingine hatukumwona kabisa.

Usiku ule njiwa watatu waliletwa mezani kwa wali. Sisi tukasusa. Tukasema yule mmoja tuliyemchinja tutamla, na hawa wawili ni mizoga. Mjomba alikasirika, na haki yake, kwa kuwa wageni wengine walikuwapo na mke wake alikuwa amepika tangu magharibi. Akatuuliza: "Basi sisi sote hapa mmetufanya wala mizoga? Na mtuambie kwa nini." Hatukuwa na jawabu. Tulikuwa tumehifadhi maneno ya kitabu, lakini risau hatukulijua, wala hatukujua kwamba wenye vitabu wenyewe wamekhitalifiana. Mjomba amekwisha kwenda mbele ya haki, Allah amrehemu, wala hatukuwahi kumjibu. Haya ndiyo tungalimwambia.

Tuanze na namba ya bunduki. Watu wengi hudhani 20 ni kubwa kuliko 12, na mambo ni kinyume. Chukua ratili moja ya risasi, uigawe mafungu 12 yaliyo sawa, ufinyange kila fungu liwe gololi. Gololi moja katika hizo ndiyo iingiayo sawasawa katika mtutu wa bunduki ya 12. Ukiigawa ratili hiyo mafungu 20, gololi huwa ndogo zaidi, na mtutu wa 20 kwa hivyo ni mwembamba zaidi. Mtutu wa 12 una upana wa milimita 18.5, wa 16 una milimita 16.8, wa 20 una 15.6, na wa 28 una 14. Ile 410 imetoka nje ya hesabu hii. Hiyo si idadi ya gololi bali ni upana wenyewe wa mtutu, sehemu 410 katika sehemu 1,000 za inchi, yaani milimita 10.4. Ingalihesabiwa kama wenzake ingaliitwa 67 au karibu ya hapo.

Sasa lililo muhimu ni hili. Namba haibadilishi nguvu ya risau moja. Risau la bunduki ya 20 na risau la bunduki ya 12, yakiwa ya ukubwa mmoja, huruka kwa mwendo ulio karibu sawa na hutoboa karibu sawa. Linalobadilika ni idadi. Kiasi cha 12 kwa njiwa huchukua wakia moja ya marisau, gramu 28, au zaidi kidogo. Cha 20 huchukua gramu 25 hivi, cha 28 gramu 21, na cha 410 cha kawaida gramu 14 tu. Kwa marisau ya milimita 2.4, wakia moja ni marisau 350 hivi. Basi 12 hutoa 350, na 20 hutoa kama 300, na 28 kama 260, na 410 hutoa 175, nusu ya ile ya kwanza.

Kwa sababu hii twamwambia jamaa wa Tanga: ukiwa tayari unayo 12, kaa nayo, ila tafuta viasi vyepesi vya gramu 28, wala usishawishike na vile vizito vya kanga na bata. Viasi vyake ndivyo vipatikanavyo kwa wepesi kuliko vyote. Ukiwa utanunua bunduki mpya, na mwili wako si mkubwa, 20 ni bora: ni nyepesi kubeba mchana kutwa na haipigi bega kwa nguvu, na mtu asiyeogopa kishindo cha bunduki yake hulenga vizuri zaidi. Ile 28 wenye kuijua huisifu sana, lakini viasi vyake si vya kila duka. Ama 410, watu humpa kijana anayejifunza kwa kuwa ni ndogo, na kwa rai yetu hilo ni kosa. Yenye marisau machache haitaki mwanafunzi, yataka fundi, na fundi mwenyewe asimpige ndege aliyepita hatua 25. Kijana akipewa 410 atajeruhi wengi na kuokota wachache.

Na hapa pana jambo la kulinda roho za watu, si za njiwa. Kiasi cha 20 kikitiwa kwa bahati mbaya katika bunduki ya 12 huteleza ndani ya mtutu na kukwama mbele, mtu asikione. Akidhani bunduki ni tupu, akatia cha 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mikononi mwake. Ndiyo maana viasi vya 20 kwa desturi hufanywa vya rangi ya manjano. Nyumba yenye bunduki mbili za namba mbalimbali isichanganye viasi vyake katika mfuko mmoja, abadan. Kadhalika bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zilitengenezwa kwa viasi vya milimita 65, na vya siku hizi vingi ni vya 70. Kuingia huingia, lakini havina nafasi ya kufunguka, na nguvu ndani ya mtutu huzidi. Mwenye bunduki ya babu aipeleke kwa fundi aipime kabla hajaipiga.

Tuje kwenye ukubwa wa marisau, na hapa tutakaa kidogo, kwani ndipo palipotuharibikia Sigowet.

Namba za marisau nazo huenda kinyume: namba ikizidi, risau hupungua. Na tena kuna mtego. Namba za Marekani si namba za Uingereza. Namba 6 ya Marekani ni risau la milimita 2.8, na namba 6 ya Uingereza ni la milimita 2.6. Namba 7 ya Uingereza ndiyo 7½ ya Marekani, zote milimita 2.4. Na katika nchi zetu viasi huja kutoka huku na huku. Basi usiulize namba peke yake; uliza milimita, nazo aghalabu huandikwa juu ya sanduku.

Rafiki wa mjomba alidhani risau kubwa huua vizuri zaidi. Kwa kanga ni kweli, kwani kanga ni ndege mzito mwenye manyoya magumu. Kwa njiwa si kweli, na sababu yake ni hesabu. Risau la namba 4 ya Marekani lina milimita 3.3, na wakia moja ina marisau 135 tu, badala ya 350. Bunduki iliyobanwa kidogo mdomoni hutia nusu ya marisau yake katika duara la inchi 30 ikipiga yadi 40. Nusu ya 350 ni 175, ambayo ni risau moja kwa kila inchi mraba nne hivi. Nusu ya 135 ni 67, risau moja kwa kila inchi mraba kumi na zaidi. Na mwili wa njiwa, ukimtoa mbawa na mkia, haupiti ngumi ya mtoto. Katika duara la namba 4 njiwa aweza kupita katikati ya marisau asiguswe, na akiguswa aguswe na moja tu, la tumbo au la ubawa, aende nalo mpaka kwenye chai ya watu. Ule mdomo uliobanwa sana wa bunduki ile huyakusanya marisau zaidi, ni kweli, lakini hapo ndipo yule wa karibu alipogeuka kuwa nyama ya kusaga.

Je, basi tuchukue madogo kabisa, namba 9, ambayo wakia moja ina karibu 585? La. Risau la milimita 2 ni jepesi mno, hupoteza mwendo upesi, na likimpata ndege hatua 30 huenda lisipite manyoya na ngozi likafika ndani. Humpiga, humtia jeraha la juu au humvilia damu, wala halimtobowi sawasawa. Msomaji aliyesoma mlango wa mawindo ameshaona tunaelekea wapi.

Lifaalo ni la katikati: milimita 2.2 hadi 2.4, yaani 8 au 7½ ya Marekani, 8 au 7 ya Uingereza. Kwa pugi na tetere, ambao tetere ana gramu 100 hivi, chukua la 2.2. Kwa hua mkubwa mwenye jicho jekundu, ambaye hupita gramu 200, na kwa njiwa wa majabalini ambaye ni mzito zaidi, la 2.4, na 2.6 si kosa. Mdomo wa bunduki uwe wazi au umebanwa kidogo tu. Umbali usipite hatua 30. Mwenye kupiga asilipige kundi kwa tamaa akitumaini mmoja ataanguka. Achague ndege mmoja, amlenge huyo, na asipoanguka amtazame mpaka aone ametua au amekwenda. Akianguka, bunduki ifunguliwe itolewe viasi, kisha amwendee mbio na kisu mkononi. Asingoje mwingine. Na asisimame mahali ambapo ndege wataangukia kwenye kichaka kisichopitika, kwani njiwa asiyeokotwa si mawindo, ni roho iliyotolewa bure. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametukataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha.

Sasa twarudi kwenye sahani ya mjomba.

Katika Suratul Maida, Mwenyezi Mungu ametuharimishia mawquudha, naye ni mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito kisichokata wala kutoboa. Na Adiyy bin Hatim alimuuliza Mtume juu ya mi'raadh, fimbo ya kurusha ambayo mara hupata kwa ncha na mara kwa ubavu. Maana ya jawabu aliyopewa ni kwamba ikimtoboa mnyama kwa ncha yake ale, na ikimpata kwa ubavu wake asile, kwani huyo amekufa kwa kipigo. Hii ndiyo mizani ya mlango wote.

Wanavyuoni wa kale walipozungumza juu ya bunduqa wakasema kilichouawa nayo hakiliwi, muradi wao ulikuwa kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde, ambacho huvunja wala hakitoboi. Bunduki ya moto ilipokuja ikarithi jina lile, na sisi Waswahili tukalirithi kutoka kwa Waarabu. Jina moja, vitu viwili. Wako watu huku kwetu waliosoma jina katika kitabu wakalitia juu ya kitu kingine, nasi usiku ule tulikuwa miongoni mwao.

Hata hivyo haikuwa ujinga mtupu. Wanavyuoni wa kishafi wa nyuma waliiona bunduki ya moto kwa macho yao na wakakataza. Ibn Hajar katika Tuhfa aliitaja hiyo khasa, kwamba huunguza na humaliza roho upesi, akaacha mlango mdogo kwa fundi ajuaye kwamba atampata ndege mkubwa ubawani tu. Kwa rai hii njiwa aliyefikiwa amekufa haliwi, na aliyefikiwa na uhai uliotulia akachinjwa ni halali. Lakini wako wengine. Wanavyuoni wa kimaliki wa nyuma waliruhusu, kwa kuwa risasi hutoboa na kumwaga damu. Na Shaukani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 Hijria, sawa na 1834, alisema vivyo hivyo, akitegemea mizani ile ile ya hadithi ya Adiyy.

Sisi twaona kwamba kauli ya hawa wa pili ndiyo iliyo karibu zaidi na hadithi. Risau lililopita ngozi likaingia mwilini limetoboa, na mpigaji akiwa ametaja jina la Mwenyezi Mungu alipofyatua, njiwa huyo ni halali ijapokuwa ameokotwa amekufa. Kumtaja Mwenyezi Mungu kwetu Mashafi ni sunna na kwa wengine ni sharti, basi mtu asiliache. Lakini tazama sharti la kutoboa linakupeleka wapi: kwa yule aliyenunua marisau ya milimita 2, akapiga mbali, ndege akaanguka kwa mshituko bila ya jeraha lililoingia ndani. Huyo ni mawquudha kwa kauli zote. Mpasue ngozi ya kifua uangalie. Tundu la risau laonekana wazi. Na yule aliyesagwa kwa kupigwa karibu, nasi tuna shaka naye, kwa kuwa hatujui ni kutobolewa au ni kupondwa kulikomuua. Na aliyeangukia majini akaokotwa amekufa humo, hadithi ya Adiyy yenyewe imemtoa. Na yule wa sisimizi, hatukuona alivyokufa, tukamwacha.

Kwa hivyo, mjomba, wale wawili wa kwenye wali walikuwa na matundu. Tuliyaona walipokuwa wakinyonyolewa. Aliyekula hakula mzoga kwa kauli tunayoielekea, na aliyesusa alikuwa na maimamu nyuma yake. Lililokuwa baya ni ule ulimi wetu mbele ya wageni.

Hata hivyo twamhimiza jamaa wa Tanga awe mwenye kuchinja. Atumie risau la kadiri, apige karibu, akimbie, na atawakuta wengi bado wana uhai: akiwakata koromeo na umio kwa kisu kikali, damu ikachuruzika na mwili ukatikisika kwa nguvu, ametoka katika khitilafu yote na nyumba yake itakula bila ya majadiliano. Hii ni faida ya pili ya kuchagua marisau madogo yafaayo, nayo haikuandikwa juu ya sanduku.

Limebaki jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Risasi ni sumu. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema hakijulikani kipimo cha risasi kisicho na madhara mwilini, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba, katika ubongo. Risau lipitapo katika nyama huacha vipande visivyoonekana kwa jicho. Basi nyama iliyo kandokando ya tundu ikatwe itupwe, supu isichemshwe na marisau ndani yake, na watoto na wenye mimba wasilishwe nyama hiyo mara kwa mara. Denmark iliyapiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996. Marekani iliyakataza kwa bata na mabata bukini nchi nzima mwaka 1991. Na nchi za Umoja wa Ulaya katika maeneo ya maji tangu mwaka 2023. Badala yake hutumiwa marisau ya chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, basi huchukuliwa risau kubwa zaidi kwa namba moja au mbili: palipofaa 7½ ya risasi, patumike 7 au 6 ya chuma kwa hesabu ya Marekani. Huko Texas walifanya uchunguzi shambani, wapigaji wasiambiwe wanatumia viasi gani, na haikuonekana tofauti ya maana katika njiwa waliopatikana. Lakini chuma ni kigumu. Bunduki ya zamani yenye chuma chembamba, au iliyobanwa sana mdomoni, isipigwe kwa marisau hayo mpaka fundi aseme.

Ndugu wa Sigowet ameuliza pia, chini ya barua yake, juu ya mbwa wa kuokotea ndege, na mahali alipomng'ata njiwa paoshwe vipi. Karatasi imetuishia. Hilo tutalijibu katika toleo lijalo, inshaallah, pamoja na suala la mtego wa ulimbo lililotoka Lamu.